Barua ya Ahabu na Kiti cha Jaji

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Maandiko: 1 Wafalme 21:1-16, 2 Mambo ya Nyakati 19:4-11, Kumbukumbu la Torati 1:9-18

 

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunadhani ni la mawakili na wanasiasa. Jaji anapataje kiti chake? Na akishakikalia, anamwogopa nani? Najua kuna mtu ameshaanza kunong'ona, "Pasta leo ameingia siasa." Ngoja kidogo, mpendwa. Fungua Biblia yako 1 Wafalme 21, halafu uniambie kama ni mimi niliyeingia siasa au ni Neno lilikuwa huko kabla yangu.

Mfalme Ahabu ana jumba Yezreeli. Jirani yake ni mtu wa kawaida anaitwa Nabothi, na ana shamba la mizabibu. Ahabu analitaka hilo shamba alifanye bustani ya mboga. Mboga tu, jameni! Anataka kulinunua au kulibadilisha kwa lingine. Nabothi anakataa, kwa sababu ni urithi wa baba zake, na urithi wa baba zake si mali ya kuuza. Mfalme anarudi nyumbani, analala kitandani, anaugeukia ukuta, anakataa chakula. Mtu mzima mwenye jeshi ananuna kwa ajili ya sukuma.

Sasa sikiliza. Ahabu hakutuma askari wakamnyang'anye Nabothi shamba. Yezebeli mke wake alijua njia safi zaidi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji wa Nabothi, wale waliokuwa wakikaa langoni kuamua kesi za watu. Barua zikaeleza kila kitu: tangazeni mfungo, mketisheni Nabothi mbele, tafuteni mashahidi wawili wa uongo, kisha mtoeni nje mumpige mawe. Wazee wakafanya vile vile kama barua ilivyosema.

Wapendwa, Nabothi hakuvamiwa na majambazi usiku. Aliuawa mchana, kwa utaratibu. Kulikuwa na kikao. Kulikuwa na wazee. Kulikuwa na mashtaka. Kulikuwa na mashahidi wawili, kama Torati inavyotaka. Kulikuwa hata na mfungo na maombi! Kitu kimoja tu kiliharibu yote: hukumu ilikuwa imeandikwa kabla ya kesi kusikizwa. Nabothi aliuawa na korti. Na ukisoma 2 Wafalme 9:26 utaona kwamba hata damu ya wanawe ilimwagwa. Hakubaki wa kudai lile shamba.

Nimejiuliza swali moja nikisoma habari hii. Ina maana katika mji mzima hakukuwa na mzee hata mmoja wa kusema, "Hapana, hii barua hatuifuati"? Walimjua Nabothi. Alikuwa mtu wa kwao. Pengine walikuwa wamekunywa divai ya shamba lile lile. Lakini muhuri ulipofika, wote wakanyamaza. Mtu akijua kwamba cheo chake, mkate wake na uhai wake viko mkononi mwa mfalme, barua ya mfalme haihitaji vitisho. Muhuri peke yake unatosha.

WAFALME WAWILI, MAJIRANI

Sasa twende 2 Mambo ya Nyakati 19. Siku zile zile za Ahabu kulikuwa na mfalme mwingine kule Yuda, jina lake Yehoshafati. Hawa wawili walijuana sana, hata walienda vitani pamoja, na Ahabu akafia huko. Yehoshafati akarudi Yerusalemu salama. Na moja ya kazi alizofanya aliporudi ni gani? Aliweka waamuzi, mji kwa mji.

Angalia alichowaambia. Aliwaambia waangalie sana wanavyofanya, kwa sababu hawaamui kwa ajili ya mwanadamu bali kwa ajili ya Bwana. Akawakumbusha kwamba kwa Mungu hakuna upendeleo wala kupokea rushwa. Mfalme aliyewaweka kwenye viti ndiye anawaambia: ninyi si watu wangu. Kisha mstari wa 11 unaonyesha alivyogawa kazi. Amaria kuhani mkuu akasimamia mambo ya Bwana, na Zebadia akasimamia mambo ya mfalme. Mambo ya mfalme yana meza yake. Hayaingii kila mahali.

Ahabu anawapelekea wazee barua. Yehoshafati anapeleka waamuzi, kisha anaondoa mkono wake. Mpendwa, kila nchi na kila kizazi huchagua kati ya hawa wawili. Na sisi Kenya tumewahi kuishi chini ya wote wawili.

MIKONO MIWILI

Kabla sijafika Kenya, nipe dakika moja kwa Musa. Katika Kumbukumbu la Torati 1:13, Musa amechoka. Kesi ni nyingi. Angeweza kuita shemeji zake akawapa kazi. Badala yake anawaambia watu wenyewe watafute katika makabila yao watu wenye hekima, wenye ufahamu, wanaojulikana, naye atawaweka. Umeona? Kuna mkono unaotafuta na kuna mkono unaoweka. Haikuwa mkono mmoja. Halafu mstari wa 17 anawaagiza wasikie mdogo sawasawa na mkubwa, wala wasiogope uso wa mtu, kwa kuwa hukumu ni ya Mungu.

Katiba yetu ya 2010 imefuata mtindo unaokaribiana na huo. Kuna Tume ya Huduma za Mahakama, ile tunayoizoea kwa jina JSC. Ina watu 11. Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti. Majaji na mahakimu wanachagua wenzao wanne. Mawakili wanachagua wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Yuko Mwanasheria Mkuu, na mmoja kutoka Tume ya Utumishi wa Umma. Halafu kuna wawili, mwanamke na mwanamume, ambao si wanasheria kabisa. Wako pale kwa niaba yako wewe mwananchi. Tume hii inatangaza nafasi, inachapisha majina ya walioomba, inawahoji hadharani, kisha inapeleka majina kwa Rais. Kazi ya Rais ni kuwateua waliopendekezwa. Jaji Mkuu na naibu wake, wao majina yao yanapitia Bunge la Kitaifa pia.

Tume inatafuta, Rais anaweka. Mikono miwili. Na Kifungu cha 160 kinasema Mahakama katika kazi yake ya kuamua iko chini ya Katiba na sheria tu. Hakuna mtu wala ofisi ya kuielekeza. Jaji akishaapishwa, mshahara wake haupunguzwi ili kumwadhibu, na hawezi kufutwa kwa sababu tu ameudhi mtu.

Haikuwa hivi zamani. Wazee mlioko hapa mnakumbuka. Katika Katiba ya zamani Rais alimteua Jaji Mkuu peke yake, na tume iliyopendekeza majaji wengine ilijaa watu waliopewa vyeo na Rais huyo huyo. Mwaka 1988 Bunge lilibadilisha Katiba likaondoa ulinzi wa kazi ya majaji. Ulirudishwa 1990, lakini mtu aliyewahi kuona kiti kinavyoweza kuvutwa hasahau haraka. Wananchi nao wakatunga msemo wao: kwa nini ukodishe wakili na unaweza kununua jaji?

Mnajua kilichofuata. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipozua ubishi, upande uliolalamika ulisema hauendi kortini kwa sababu hauiamini korti. Watu wakaenda barabarani. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Na siku ya kwanza ya Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa la Kenya Assemblies of God lilichomwa moto, likiwa limejaa kina mama, watoto na wazee waliokimbilia madhabahuni. Kanisa la Kipentekoste, wapendwa. Mahali pa kuinua mikono kama hapa. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za majaji haziwahusu watu waliookoka. Lango la mji likikosa mwamuzi anayeaminika, moto haubagui paa la kanisa.

VIATU VYA MAJAJI 41

Sasa, kuwa na sheria nzuri ni jambo moja na kuiishi ni jingine. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41. Rais wa wakati huo hakuwateua, akisema kuna ripoti mbaya kuhusu baadhi yao. Mahakama Kuu ikasema 2020 kwamba sheria haimpi nafasi ya kuchagua; ni lazima ateue. Bado ikakawia. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita, na mmoja alikuwa ameshafariki. Wale sita waliteuliwa Septemba 2022, Rais mwingine alipoingia.

Wengi walifuatilia hiyo habari kama mchezo wa mpira: nani amemshinda nani? Lakini hebu uliza swali la Nabothi. Katika wale 41, majaji 20 walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ishirini! Kwa karibu miaka miwili wakubwa walivutana, na mama mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake alikuwa akiambiwa, "Mama, rudi mwezi wa nne. Mama, jaji hayuko. Mama, faili haijapata wa kuisikiza." Uhuru wa Mahakama haukuwekwa ili majaji waringe. Uliwekwa kwa ajili ya yule mama. Mkubwa ana simu, ana walinzi, ana njia zake. Mama yule ana korti tu.

Na msidhani nasifu mmoja nikimponda mwingine. Rais aliyewaapisha wale sita, ilipofika Januari 2024 alisimama hadharani akawalaumu majaji kwa ufisadi na kupinga miradi ya serikali, hadi Jaji Mkuu na Mahakama wakalazimika kujitetea. Kila mtawala hupenda jaji huru siku ile jaji anampa haki mwingine. Ikifika zamu yake yeye, anaugeukia ukuta kama Ahabu. Ndiyo maana hatuwekei tumaini letu kwa moyo mzuri wa mtu. Ile mikono miwili iheshimiwe, hata mkono mmoja ukiwashwa.

LAKINI PASTA, SI KUNA MAJAJI WANAOKULA?

Wapo. Nisidanganye madhabahuni. Hata wana wa Samweli walikula. Soma 1 Samweli 8: baba yao mtu wa Mungu aliwaweka wawe waamuzi, nao wakageukia faida, wakapokea rushwa, wakapotosha hukumu. Ukoo mzuri haukuwasaidia. Na Feliki, katika Matendo 24, alimwacha Paulo kifungoni miaka miwili akitumaini atapewa kitu kidogo.

Uhuru wa jaji si ua wa kumfichia mwizi. Katiba imeweka njia: mwananchi yeyote anaweza kupeleka ombi kwa Tume jaji aondolewe kwa utovu wa maadili, na Tume ikiridhika, jopo linaundwa kumchunguza. Njia hiyo ni ndefu, ina ushahidi, ina kusikizwa. Ndefu ni nzuri hapa. Kumtoa jaji kwa ushahidi, hiyo ni Yehoshafati. Kumtoa kwa sababu uamuzi wake umekuuma, hiyo ni Yezebeli.

SISI TUFANYE NINI?

Kwanza, tusiandike barua ya Ahabu. Kuna ndugu mmoja alinijia akiwa na kesi ya shamba. Akaniambia, "Pasta, kuna mzee unayemjua, anasali pamoja na yule hakimu wetu. Mpigie tu simu. Si hongo. Amwambie tu mimi ni mtu wa Mungu."

Nikamwuliza, "Na yule mnayeshtakiana naye, anasali?"

Akasema, "Anasali, lakini kanisa lingine."

"Ana pasta?"

"Anaye."

"Sasa pasta wake naye akipiga simu, kesi itaamuliwa na nini?"

Akanyamaza. Nilimwambia nitaomba naye, nitafunga naye, na siku ya kusikizwa nitaketi naye nyuma kortini. Nimefanya hivyo. Ile simu sikuipiga. Kesi yake bado inaendelea, na sijui kama amenipenda sana kwa lile jibu. Lakini mpendwa, simu ya mpako wa mafuta ni barua ile ile, ina muhuri wa kanisa badala ya muhuri wa ikulu. Tukiizoesha korti kusikia simu ya pasta, siku mwenye simu kubwa zaidi akipiga, tutalalamika kwa nani?

Pili, tuseme wakati wa kusema. Musa alitaka watu wanaojulikana. Wanajulikana na nani? Na majirani. Tume inapochapisha majina ya wanaotaka kuwa majaji, huwa inawaalika wananchi kupeleka habari walizo nazo kuwahusu. Wewe uliyefanya kazi na huyo mtu, unajua kama analipa wafanyakazi wake. Unajua kama alimtetea maskini au alimlaghai. Kama unajua mema, andika. Kama unajua mabaya na una ushahidi, andika. Usishuhudie uongo, ni amri ya Mungu. Lakini usinyamaze halafu uje kulia baadaye kwenye maombi ya alfajiri.

Tatu, tukubali hukumu inayouma. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais, majaji wanne kwa wawili. Nusu ya nchi ikacheza, nusu ikalaani. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama hiyo ikakubali ushindi wa Rais, majaji wote saba kwa sauti moja. Waliocheza wakalaani, waliolaani wakacheza. Na watatu kati ya wale wanne waliofuta uchaguzi wa 2017 walikuwa miongoni mwa saba wa 2022! Watu ni wale wale. Kama ulimwita jaji malaika mwaka mmoja na shetani mwaka mwingine, tatizo halikuwa kiti chake, lilikuwa upande wako. Kupinga uamuzi kwa hoja ni haki yako, na rufaa ipo pale sheria inaporuhusu. Kumlaani mtu, kumtisha, kusambaza matusi kwenye vikundi vya simu na kumaliza kwa "Mungu ni mwema", hapana.

Nne, tuwaombee. Mnakumbuka Oktoba 2017? Kabla ya uchaguzi wa marudio, afisa wa polisi aliyekuwa kwenye gari la Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi akajeruhiwa. Kesho yake kesi ililetwa Mahakama ya Juu, na majaji wawili tu kati ya saba ndio walioketi. Kesi haikusikizwa. Sina la kusema juu ya aliyefyatua wala juu ya waliokosa kufika. Ninachosema ni kwamba jaji ni mtu. Ana watoto. Anapita barabara hizi hizi usiku. Kutoogopa uso wa mtu si jambo dogo, linahitaji neema. Ni lini mara ya mwisho kanisa letu lilitaja mahakimu wa mji huu kwa maombi?

JAJI ALIYEOGOPA

Nimalizie msalabani, maana mahubiri yasiyofika msalabani ni hotuba.

Bwana wetu Yesu mwenyewe alisimama mbele ya jaji. Pilato alimchunguza, na Yohana anatuambia kwamba alisema mara tatu haoni kosa kwake. Kesi ilikuwa imekwisha! Lakini katika Yohana 19:12 umati ulimgusa mahali penyewe: ukimwachilia huyu, wewe si rafiki wa Kaisari. Pilato kiti alipewa na Kaisari. Kaisari angeweza kukichukua. Akanawa mikono, akamtoa asiye na kosa asulubishwe.

Kwa hiyo Mkristo asiseme uhuru wa majaji ni habari ya Nairobi. Mwokozi wetu alihukumiwa na mtu aliyeujua ukweli, akaogopa kupoteza kazi. Aliyekufa hivyo amefufuka, haleluya, na Baba amempa hukumu yote. Mbele yake hakuna simu. Mbele yake Ahabu na Nabothi watasimama sawa, na mimi na wewe pia. Kama leo hujayaweka maisha yako mikononi mwake, usiondoke hivyo. Leo bado ni Mwokozi wako. Njoo kwake kabla hajakuwa Jaji wako.

HOJA ZA MAOMBI WIKI HII

1. Ombea majaji na mahakimu wa kaunti yetu, wamwogope Mungu kuliko wanadamu.
2. Ombea wanachama 11 wa Tume ya Huduma za Mahakama, watafute watu wenye uwezo, wakweli, wanaochukia mapato ya dhuluma (Kutoka 18:21).
3. Ombea Rais na Bunge, wawe na moyo wa Yehoshafati siku hukumu inapowaendea vibaya.
4. Ombea kwa jina kila mjane na yatima wa kanisa hili aliye na kesi. Washirika wa nyumbani, jueni tarehe zao za korti, na mmoja wenu aende akaketi nao.
5. Jichunguze: kuna barua yoyote ya Ahabu umeandika, au unapanga kuandika?

Bwana awabariki.